Upumuaji wa udongo: maana yake, na unapimwaje kwenye shamba la miembe

Ukiambiwa udongo wako umechoka, muulize anayekwambia amepima nini. Maana kipimo cha udongo tulichozoea kinatoa pH (kiwango cha uchachu), naitrojeni, fosforasi, potasiamu, basi, wale viumbe wadogo wasioonekana kwa macho hawamo kabisa kwenye ile karatasi, na wao ndo wanaogeuza majani na samadi kuwa chakula cha mti. Upumuaji wa udongo ni njia mojawapo rahisi ya kuwapima. Bakteria na fangasi wakila mabaki ya mimea wanatumia oksijeni na kutoa hewa ukaa, kwa hiyo ukiikamata hiyo hewa kwa muda unaojulikana, unajua kazi inayofanyika humo ndani ni kubwa kiasi gani.

Kuwahesabu mmoja mmoja haiwezekani, gramu moja ya udongo mzuri inaweza kubeba bakteria mpaka bilioni, na wengi wao ukijaribu kuwaotesha maabara hawaoti.

Sasa inavyofanyika. Unachekecha udongo kutoa mizizi na mawe (mizizi nayo inapumua, ukiiacha itakuharibia hesabu), unapima uzito, unaulowesha kiasi bila kuufanya tope, unauweka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana kabisaa. Humo humo unaweka kikombe kidogo cha maji ya kostiki soda. Hapa Kigoma wanaopika sabuni ya mawese wanaijua vizuri kostiki na wanajua inavyounguza, kazi yake humu ni kunasa hewa ukaa. Baada ya saa 24 au siku kadhaa unakitoa kikombe, unatia dawa ya rangi, yanageuka pinki, afu unadondosha asidi tone kwa tone mpaka pinki ipotee. Udongo ukiwa umepumua sana, kostiki nyingi imeshatumika, kwa hiyo asidi kidogo tu inatosha. Lazima iwepo na chupa nyingine isiyo na udongo ya kulinganishia, maana hewa ya kawaida nayo ina hewa ukaa.

Kitu ambacho watu wa huku wanatakiwa wakijue zaidi ni habari ya mvua za kwanza. Mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Muguga kule Kenya, aliandika mwaka 1958 kwamba udongo uliokauka ukilowa unapumua kwa kasi kubwa sana, halafu kasi inashuka siku zinazofuata, na naitrojeni inafunguka kwa wingi muda huo huo. Kwa hiyo ukichukua sampuli chini ya mwembe Ujiji mwezi wa nane, na jirani yako akachukua mvua zikiwa ndo zimeanza, msilinganishe hayo majibu hata kidogo, mtagombana bure.

Na namba kubwa siyo lazima iwe habari njema! Ukilima udongo ukaupindua, upumuaji unapanda, lakini hapo mboji yako ndo inaliwa na kuisha. Ndo maana wataalamu wanapenda kupima pia wingi wa hao viumbe kwa jumla, siyo mmoja mmoja. Njia ya klorofomu (kemikali inayotoa mvuke wa sumu), iliyotolewa na Jenkinson na Powlson wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1976, inawaua kwa mvuke, afu inapimwa kaboni iliyotoka kwenye miili yao. Mara nyingi ni kama asilimia 1 mpaka 5 ya kaboni yote ya mboji, kidogo hivyo, ila ndo wafanyakazi wenyewe.

Mi kinachoniuma ni kuona majani ya mwembe yanafagiliwa kila asubuhi yanachomwa moto. Hicho ndicho chakula cha hao viumbe, majivu yanabakiza madini kiasi lakini kaboni karibu yote imeshaenda hewani.

Ukitaka kupima, chukua udongo chini ya ukingo wa matawi, siyo kwenye shina, kina cha sentimita 0 mpaka 15, sehemu kadhaa kuzunguka mti, uchanganye kwenye ndoo safi. Chukua na mwingine wa kulinganishia katikati ya mistari ya miti kwa namna hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Usiache mfuko juani wala kwenye buti la gari, weka kwenye boksi la kutunza ubaridi upeleke maabara mapema, na uandike tarehe na kama mvua ilinyesha wiki hiyo.