Mtangamano wa kiuchumi na jinsi majirani wanavyotazamana

Mtangamano wa kiuchumi ni pale nchi jirani zinapounganisha masoko yao, ushuru ukaondolewa na bidhaa, watu na mitaji vikavuka mpaka bila usumbufu. Afrika Mashariki tulianza na Umoja wa Forodha mwaka 2005, kisha Soko la Pamoja mwaka 2010. Kwenye mikataba hiyo hakuna kifungu kuhusu namna majirani wanavyotazamana, lakini mtazamo huo huingia kwenye sera bila kubisha hodi.

Chukua Tanzania na Kenya. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikiyumba miaka ya 1970, Watanzania waliuita uchumi wa Kenya wa kinyang'au, nao Wakenya wakajibu kwa kejeli kwamba Tanzania hakuna hata cha kula. Jumuiya ilivunjika 1977 kwa sababu nzito zaidi ya matusi, zikiwemo ugomvi wa mgawanyo wa faida na uhasama na Idi Amin, mtawala wa Uganda. Hata hivyo, picha ya Mkenya mjanja anayekuja kunyakua ilibaki.

Inaonekana wazi kwenye suala la ardhi. Kenya, shamba la mtu binafsi huuzwa na kununuliwa. Tanzania, ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na asiye raia hapewi ila kwa ajili ya uwekezaji. Katika majadiliano ya Soko la Pamoja, Tanzania ilikataa katakata ardhi kuingizwa. Ndiyo maana ibara ya 15 ya itifaki, yaani mkataba wa soko hilo, inaiacha chini ya sheria za kila nchi. Wapo wachumi wanaoliona hilo kuwa kikwazo. Mimi naona hofu ya mwanakijiji asiye na mtaji ina msingi.

Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka mpaka. Mmasai mwenye ndugu pande zote mbili alikuwa akifuata malisho. Serikali iliona mifugo ya kigeni.

Julai 2025 ikaja amri ya Tanzania ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu na ufundi simu. Manung'uniko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, yalikuwa zaidi juu ya Wachina, ila amri ilimkumba na Mkenya, ambaye itifaki inamruhusu kufungua biashara katika nchi mwanachama. Nairobi ililalamika, na kwa maandishi ya itifaki, ina hoja.