Matokeo Yakae Kwenye Ikisiri, Tafadhali

Wiki hii tena nimeandikiwa na mhadhiri mwenzangu, mtu ninayemheshimu, akilalamika kwamba mimi, mhariri, nimemtaka aweke matokeo kwenye ikisiri, ule muhtasari mfupi unaotangulia makala ya kitaaluma. "Sasa mwalimu, nikishasema yote pale juu, nani atasoma makala?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa baruapepe mojamoja. Nalijibu hapa, na kuanzia leo nitakuwa natuma kiungo tu.

Ndugu yangu, wengi hawataisoma hata ukificha. Ukitafuta kwenye PubMed (hifadhidata ya makala za tiba) au AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika), kinachomfungukia msomaji kwanza ni kichwa, majina na ikisiri. Makala yenyewe mara nyingi inataka malipo, au ni faili zito ambalo mwanafunzi anayehesabu bando lake hathubutu kulipakua. Kwa watu hao ikisiri ndiyo makala yako, basi.

Tazameni hii. Nimeitunga mwenyewe nisije nikamwaibisha mtu, ingawa kila mhariri ataapa kuwa ameshaipokea:

"Makala hii inachunguza changamoto za ufundishaji wa ushairi wa Kiswahili katika shule za sekondari. Data zilikusanywa kwa usaili, hojaji na ushuhudiaji. Matokeo yanaonesha kuwa zipo changamoto mbalimbali. Mwisho, mapendekezo yametolewa."

Changamoto mbalimbali! Nani alidhani hazipo? Na hayo mapendekezo kapewa nani, afanye nini? Hizo sentensi mbili za mwisho zibandike kwenye makala ya kilimo cha korosho, zitakaa vizuri tu. Hicho ndicho kipimo changu: sentensi ya matokeo inayoweza kuhamia makala nyingine bila kuguswa neno, ifutwe. Sasa tuseme mtafiti huyohuyo angeandika: "Kati ya walimu 18 waliosailiwa, 13 walikiri kuiruka mada ya arudhi (kanuni za vina na mizani) kwa kuwa wao wenyewe hawakuielewa chuoni, hakuna aliyetaja uhaba wa vitabu kama sababu kuu." Namba ni za kubuni, lakini makala hiyo ningeifungua papo hapo, nijue walisailiwa wapi na walisema nini hasa.

Mwaka 2011 mwanafizikia Michael Berry na wenzake walichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama kasi ya nyutrino (chembe ndogo mno za maada), iliyoonekana kuipita ya mwanga, ingeweza kuelezwa kwa aina fulani ya vipimo vya kikwanta. Ikisiri nzima ilikuwa maneno mawili: pengine hapana. Makala ikasomwa.

Mengine nayapitia upesi. Usuli sentensi moja, mbili ukizidiwa. Msiturudishe enzi za ukoloni kila mara. Marejeleo hayakai humo. Idadi ya maneno fuata ya jarida lako, mengi huomba kati ya 150 na 250. Na iandike mwisho, makala ikishatulia.

Hilo la mwisho lina sababu. Mwaka 1999 JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani, lilichapisha uchunguzi wa ikisiri za majarida sita makubwa ya tiba. Zenye data zisizolingana na makala, au zisizoonekana kabisa ndani ya makala, zilikuwa kati ya asilimia 18 na 68, kutegemea jarida. Sisi wa lugha na elimu tusiwacheke. Mezani kwangu hali ndiyo hii: mwandishi anarekebisha makala kufuata maoni ya wapitiaji (wataalamu wanaoitathmini kabla haijachapishwa), ikisiri anaiacha ileile ya zamani. Juu wasailiwa 40, ndani 36, na ikisiri ya Kiingereza ina idadi yake ya tatu.

Penye fasihi ndipo ninapopata shida. Vitabu vya mbinu za utafiti vinatupa lengo, mbinu, matokeo na hitimisho kana kwamba kila mtafiti ana sampuli. Mhakiki anayeusoma upya utenzi wa Al-Inkishafi, matokeo yake ni yapi? Huwa namwambia aandike dai: anasema nini kuhusu magofu ya Pate, mji wa kale unaoombolezwa katika utenzi huo, ambacho mhakiki mwingine anaweza kukipinga? Mara nyingi inasaidia. Lakini zipo hoja ambazo ukizibana katika sentensi mbili zinaonekana za kitoto, ilhali ndani ya makala zimesimama imara kwa sababu nguvu yake imo kwenye usomaji wa beti, mmoja baada ya mwingine. Hizo huwa naziachia ikisiri yenye ukungu kidogo, na sina hakika kama nafanya haki kwa wale ninaowabana.

Wala hofu ya mwenzangu si ya bure kabisa. Wapo wanaonukuu kutoka ikisiri tu, makala hawajaigusa. Nikimshuku mtu namwandikia pembeni mwa rasimu: "Ukurasa wa ngapi?" Wengine hurudi na namba, wengine huifuta nukuu kimyakimya.