Abiria Waliogeuzwa Farumi: Safari ya Waairishi kwenda Quebec

Waairishi wengi waliokimbilia Kanada wakati wa njaa iliyotokana na kuoza kwa viazi Ayalandi, iliyoanza mwaka 1845, hawakupanda meli zilizoundwa kwa ajili ya abiria bali meli za kubebea magogo. Kwa miaka mingi nimechunguza usafiri wa matanga wa karne ya 19, na sioni namna ya kuieleza safari yao bila kuanza na magogo hayo.

Meli ilitoka Quebec, bandari ya Kanada, imejaa magogo ya soko la Uingereza, lakini wakati wa kurudi ilikosa shehena ya kutosha. Na kwa kuwa meli tupu haitulii baharini, nahodha alilazimika kuitia farumi ya mawe au mchanga, mzigo usioleta hata senti. Abiria alikuwa farumi inayolipa nauli. Hiyo ndiyo sababu nauli ya Quebec ilikuwa nafuu kuliko ya New York, na ndiyo sababu njia hiyo iliwavuta waliokuwa hohehahe. Maseremala walipigilia vitanda vya mbao ngamani, yaani tumboni mwa meli, kisha vikabomolewa baada ya abiria kushuka ili magogo yapate nafasi.

Ninapofundisha somo hili huchora kwa chaki sakafuni mraba wa sentimita 183 kila upande, nikawaomba wanafunzi wanne walale ndani yake. Hucheka kwanza. Kitanda cha kawaida cha watu wazima wanne kilikuwa na ukubwa huo, na safari ilichukua wiki sita hivi, kwa sababu pepo za Atlantiki ya Kaskazini huvuma zaidi kutoka magharibi na hazigeuki kwa msimu kama kaskazi na kusi, hivyo meli ililazimika kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, karibu njia nzima. Bahari ikichafuka, milango ya ngama ilifungwa, na watu wakabaki gizani pamoja na ndoo za vinyesi.

Katika msongamano huo chawa walistawi, na chawa ndio wanaoeneza homa ya taifasi, jambo ambalo halikujulikana hadi daktari Mfaransa Charles Nicolle alipolithibitisha mjini Tunis mwaka 1909. Katikati ya Mei 1847 meli iitwayo Syria, iliyotoka Liverpool na abiria 241, ilifika kwenye karantini ya kisiwa cha Grosse Île, mtoni karibu na Quebec, ikiwa na wagonjwa 84. Hospitali ya kisiwa ilikuwa na nafasi ya wagonjwa 200 tu. Kufikia mwisho wa mwezi huo meli 40 zilikuwa zimetia nanga zikisubiri zamu, wazima na wagonjwa wakiwa pamoja ngamani, na mwaka huo pekee watu zaidi ya 5,000 walizikwa kisiwani.

Hata hivyo siikubali hoja kwamba vifo hivyo havikuepukika. Jeanie Johnston, nayo meli ya magogo, ilifanya safari 16 za wahamiaji kati ya 1848 na 1855 bila kupoteza abiria hata mmoja. Ilikuwa na daktari, Richard Blennerhassett, aliyesisitiza usafi na kuwataka abiria wapande sitahani kupata hewa. Mwaka 1858, ikitoka Quebec na magogo kupita kiasi, iliingia maji na kuzama polepole. Mabaharia walining'inia kwenye kamba za milingoti kwa siku tisa, hadi meli ya Kiholanzi ikawaokoa wote.