Mgongo, kairopraktiki na hela za utafiti za serikali ya Marekani: maswali mnayoniuliza kila wiki

Meseji zimezidi. Tangu watu waanze kutumiana zile klipu za mtu kalazwa kifudifudi anasukumwa mgongo unalia krak, haipiti wiki sijaambiwa "dada nesi, si serikali yenyewe imetoa mamilioni ikathibitisha kairopraktiki inatibu, sasa tatizo nini?" Tatizo lipo. Mimi ni nesi hapa Iowa, wagonjwa wangu wengi ni Wakongo na Warundi, na Wakenya na Watanzania kidogo, watu wa kukata nyama kiwandani na kubeba maboksi usiku, kwa hiyo migongo ndiyo kilio cha kila nyumba. Nimekusanya maswali yenu nijibu mara moja, na kuna jibu moja nitalirudia mpaka mnichoke.

Hii kairopraktiki ni kitu gani hasa?

Tiba ya mikono. Mtaalamu anasukuma au kunyoosha pingili za mgongo na viungo vingine, mara nyingi anaongezea mazoezi na ushauri. Ilianzia hapahapa Iowa, mji wa Davenport, mwaka 1895, alianzisha D.D. Palmer na chuo chake bado kipo. Kairopraktika, yaani mtaalamu wa tiba hiyo, anasoma miaka kadhaa na anapewa leseni na jimbo, watu wanamwita dokta, ila siyo daktari wa hospitali na hafanyi upasuaji. Na ile krak inayowafurahisha ni gesi tu ndani ya kiungo, hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudi.

Ni kweli serikali ya Marekani inatoa hela kutafiti mambo haya?

Kweli kabisa. Kuanzia miaka ya 1990 kulikuwa na ruzuku kupitia idara ya serikali inayoitwa HRSA, na sharti lake mlisikie vizuri: kairopraktika na daktari wa hospitali wafanye kazi PAMOJA kutafuta matibabu yanayofaa kwa mgongo na kiuno. Mmoja peke yake hakupewa. Taasisi za taifa za afya, NIH, nazo zimeshatoa hela, hata wizara ya ulinzi ilitoa dola milioni 7.4 kwa ajili ya wanajeshi wenye maumivu ya mgongo, maana askari naye anabeba mizigo kama nyie.

Kwa nini walazimishwe kufanya pamoja? Si kila mtu na kazi yake?

Kwa sababu walikuwa maadui, tena uadui wa kwelikweli. Chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kwa miaka mingi kilihesabu kwamba daktari kushirikiana na kairopraktika ni kuvunja maadili. Mwaka 1976 makairopraktika wakaenda mahakamani, kesi ikaburuzwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba AMA ilikula njama kinyume cha sheria za ushindani. Sasa katika ugomvi huo nani alikuwa anaumia? Mgonjwa. Anakwenda kwa huyu hamwambii yule, huyu hajui dawa anazokunywa, yule hajui kwamba anasukumwa mgongo. Na nyie mnafanya hivyohivyo mpaka leo, mnanificha mmetoka wapi, naona tu alama za kuumikwa vikombe mgongoni.

Na huo utafiti ulipata nini?

Ule wa wanajeshi ulitoka mwaka 2018. Watu 750 kwenye hospitali tatu za jeshi, nusu walipata matibabu ya kawaida ya hospitali, nusu nyingine hayohayo pamoja na kairopraktiki juu yake. Baada ya wiki sita waliochanganya walikuwa na nafuu zaidi. Kiasi gani? Kwenye kipimo cha maumivu cha 0 mpaka 10 tofauti ilikuwa kama pointi moja, na shughuli za kila siku nazo waliziweza kidogo zaidi. Ni nafuu ya kweli ila ya wastani, na hao wengi walikuwa vijana wenye miili ya mazoezi.

Ule mwingine ni wa hukuhuku kwetu eneo la Davenport, kwa hela za HRSA, wazee 131 wa miaka 65 kwenda juu. Wakagawanywa makundi matatu: daktari peke yake, daktari na kairopraktika kila mtu kivyake, na kundi la tatu wote wawili wakiwa wanaongea wanapanga matibabu kwa pamoja. Wiki 12. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na kwenye maumivu yenyewe hakuna lililolishinda lingine kwa maana. Ila wazee waliokuwa na wataalamu wote wawili wenyewe walijiona wamepona zaidi na waliridhika zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, faida kubwa pale ni kwamba mtu alisikilizwa na watu wawili wanaojuana.

Basi nikiumwa mgongo naweza kwenda moja kwa moja kusukumwa?

Hapa ndipo ninapokasirika, mnisamehe. Hao watu wote wa kwenye utafiti walichujwa KWANZA. Aliyevunjika uti wa mgongo karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo karibuni, mwenye sababu yoyote ya kutosukumwa, aliambiwa asante rudi nyumbani, hakuingizwa. Kwa hiyo ukisema "serikali imethibitisha", serikali haijathibitisha kwa mtu kama wewe ambaye hujapimwa. Ilipima kwa watu ambao daktari ameshawakagua.

Maumivu mengi ya mgongo, kama tisa kwa kila kumi, hayana ugonjwa mkubwa nyuma yake, na hao wakitaka kairopraktika mwenye leseni wala siwazuii, hata mwongozo wa madaktari wa Marekani wa mwaka 2017 umeitaja tiba hiyo pamoja na joto, masaji na mazoezi kabla ya kukimbilia vidonge. Mimi nagombana na wale wachache waliobaki, na nagombana kwa sababu wanachelewa.

Shika hizi. Mkojo unagoma kutoka, au unatoka wenyewe hujui. Choo kinakutoka bila habari. Ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, ukijipangusa chooni husikii. Miguu inalegea, unaburuza unyayo. Ukiona hata MOJA na mgongo unauma, nenda imajensi leo. Usiku huu kama ni usiku. Hakuna kusukumwa, hakuna kukandwa.

Mkojo umekuwa mgumu toka juzi lakini nina shifti mpaka Ijumaa, nikienda wikiendi si sawa?

Hapana. Sio sawa. Hapana tena.

Mishipa ya fahamu inayoendesha kibofu, choo na mambo ya ndoa inapita chini ya uti wa mgongo, diski, kile kitakia cha kati ya pingili, ikitoka vibaya inaibana yote kwa mkupuo. Madaktari wa upasuaji wanataka kukufungua ndani ya saa 24 mpaka 48, ikizidi hapo mishipa inaweza isirudi, maana yake mpira wa mkojo maisha yako yote. Shifti itakuwepo, na msimamizi wako hatakuja kukubadilishia nepi. Naongea hivi kwa sababu nimechoka kuwaona watu wanakuja Jumatatu na tatizo la Alhamisi, na ukiwauliza walikuwa wapi, walikuwa wanakandwa.

Mume wangu anamwambia mtoto amkanyage mgongoni, anasema anasikia raha. Kuna ubaya?

Mama, mwambie ashuke huyo mtoto. Raha ya dakika tano najua ipo. Lakini mtoto hana leseni, na baba hajapimwa. Kama ni mtu mzima mifupa imeanza kuwa laini, au ametumia dawa za steroidi muda mrefu, au alianguka kwenye barafu (na huku barafu haikosi mtu), pingili inaweza ikawa ina ufa tayari, unaikanyaga inabonyea. Kaka fulani anayenyoosha watu sebuleni kwake kwa sababu alitazama video, hivyohivyo. Na shingo ndiyo asiguse kabisa, utafiti wote niliousema ulikuwa wa kiuno.

Baba anaumwa mgongo miezi mitatu, usiku anatoka jasho na amekonda, tumempeleka kwa kairopraktika mara nyingi haponi. Tuongeze siku?

Msiongeze hata siku moja. Mgongo wenye homa, jasho la usiku na kukonda upelekeni kwa daktari wiki hii, na mkimfikia mwambieni ametoka nchi gani na kama aliwahi kuishi na mtu wa TB, kwa sababu TB inakaa hata kwenye pingili za mgongo na daktari aliyekulia Iowa pengine hatoifikiria haraka. Aliyewahi kuwa na kansa naye ni hivyohivyo. Kama miguu imeanza kulegea au mkojo umebadilika basi achana na habari za wiki hii, ni imajensi leo. Nilisema nitarudia.

Kairopraktika mzuri angewarudisha mapema, ndio maana ya hiyo "pamoja" ambayo serikali ilikuwa inailipia. Asiyekuuliza kitu kabla hajakugusa, anayekuuzia paketi ya mara 40 ulipe leo, mkimbie.

Kulala kitandani wiki nzima, mkanda wa mgongo, na zile sindano za diclofenac?

Kulala siku moja mbili maumivu yakizidi, sawa, baada ya hapo inuka utembee, mgongo unaolazwa unakakamaa. Mkanda: shirika la afya duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023 kwa mgongo wa muda mrefu limesema usitumike kama tiba ya kila mtu, na vilevile dawa kali za jamii ya afyuni. Diclofenac mnazobebewa kutoka nyumbani kwenye mabegi, wenye presha, vidonda vya tumbo na figo mnajiumiza, na wengine mnameza hizo pamoja na ibuprofen mkidhani ni kitu tofauti. Ni familia moja!

Bima inalipa kairopraktiki?

Inategemea bima. Medicare ya wazee inalipia kusukumwa pingili tu, eksrei aliyoagiza kairopraktika hailipii, masaji hailipii. Bima nyingine pigeni namba ya nyuma ya kadi muulize kabla, msije mkaniletea bili mnalia.

Naweza kujiunga na utafiti kama huo?

Unaweza, tafuta kwenye ClinicalTrials.gov, andika tatizo lako na jimbo. Usilipe mtu yeyote akuingize. Kuna karatasi ya ridhaa, usiisaini kama hujaielewa, dai wakueleze kwa lugha yako, na unaweza kujitoa muda wowote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Watakuuliza maswali mengi kabla ya kukukubali, kuhusu mkojo, ganzi, kuanguka, kansa, homa. Usidanganye ili upite. Na hata nje ya utafiti, hospitali inayopokea hela za serikali lazima ikupe mkalimani wa Kiswahili bure, kwa simu au mtu kabisa, sema tu "Swahili" pale mapokezi wataelewa, na usimtume mtoto wa miaka kumi akutafsirie habari za choo na sehemu za siri, atakuonea aibu atasema "baba anaumwa mgongo" basi, na hilo la mkojo halitafika kwa daktari.