Kabla ya Swali la Kwanza: Maelewano Kati ya Mpelelezi na Shahidi

Wengi wetu tukisikia habari za mahojiano ya polisi, picha inayotujia ni ya mtuhumiwa aliyebanwa mezani. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mpelelezi ni kuzungumza na watu wasio na kosa lolote: aliyekuwa akipita njia, aliyechungulia dirishani, aliyeporwa mkoba. Hawa ndio mashahidi walioona kwa macho yao, na kesi nyingi husimama au huanguka kwa maneno yao. Sisi tunaowafundisha wapelelezi kazi ya kuhoji tunaona kosa moja likijirudia kuliko mengine yote: ofisa anaanza kuuliza kabla shahidi hajawa tayari kusema.

Kutokuwa tayari si ukaidi. Mtu aliyetoka kushuhudia kisu kikichomolewa, moyo bado unamdunda. Hajui atakaa hapo muda gani, hajui kama jina lake litamfikia aliyefanya uhalifu, na pengine ndiyo mara yake ya kwanza kukaa uso kwa uso na polisi. Wengine wanaona aibu kusema "sikuona vizuri". Mtu kama huyu ukimkabili ghafla na "Alikuwa mrefu kiasi gani?", atakupa jibu, maana ameulizwa na mwenye mamlaka. Kama jibu limetoka kwenye kumbukumbu au limekisiwa ili swali lisibaki wazi, wewe mpelelezi huwezi kujua. Baada ya siku chache, hata yeye hataweza kutenganisha.

Kumbukumbu haikai kichwani kama ilivyoingia. Kila tunapoikumbuka hali fulani tunaijenga upya, na tunayoyasikia baadaye hupenya humo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa katika mwendo gani. Kundi moja liliulizwa kwa neno la kawaida la kugongana. Jingine kwa neno zito, la magari kupondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hata hivyo, kati ya watu 50 waliosikia neno zito, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia neno la kawaida, waliosema hivyo walikuwa 7. Hakuna aliyewatisha wala kuwashinikiza. Lilitosha neno moja ndani ya swali.

Sasa fikiria mahojiano yanavyokwenda pale ofisa anapokuwa na haraka. Mfano ufuatao tumeutunga kwa ajili ya mafunzo, ila kila mpelelezi anayeusikia huutambua:

"Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikasikia mtu anapiga kelele, nikageuka, nikaona..."
"Walikuwa wangapi?"
"Wawili. Nadhani wawili."
"Huyo mmoja alivaa koti?"
"Eeh, alivaa koti."
"Jeusi?"
"Lilikuwa kama jeusi, ndiyo."

Angalia kilichotokea. Koti lilianzia mdomoni mwa mpelelezi, na rangi yake vilevile. Alichokiona shahidi alipogeuka hatukukisikia kabisa, maana sentensi yake ilikatwa mahali penye maana kuliko pote. Na liko jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: shahidi ameshajifunza kwamba kazi yake ni kungoja swali na kujibu kwa ufupi. Kuanzia hapo hatajisumbua kutafuta zaidi kichwani mwake. Hata ukimwambia mwishoni "una la kuongeza?", atasema hapana.

Hili si la mifano ya darasani tu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Ronald Fisher na wenzake walichambua kanda za mahojiano halisi yaliyofanywa na wapelelezi wa Florida, Marekani. Walikuta kwamba shahidi akishaanza kujieleza, kwa wastani alikatizwa baada ya sekunde 7.5. Hesabu sekunde hizo kimyakimya uone zilivyo chache. Fisher na mwenzake Edward Geiselman walikuwa tayari wameanza kuunda njia nyingine ya kuhoji, inayofuata jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi badala ya kufuata nafasi zilizo wazi kwenye fomu. Walipoijaribu kwa wapelelezi halisi wa kesi za unyang'anyi, na kuyachapisha matokeo mwaka 1989, wapelelezi waliofundishwa walipata taarifa zaidi kwa asilimia 47 kuliko walivyokuwa wakipata wenyewe kabla ya mafunzo. Maelewano ni mlango wa kuingilia katika njia hiyo. Zana nyingine zote, ikiwemo kumrudisha shahidi kimawazo pale tukio lilipotokea, hazifanyi kazi vizuri kwa mtu ambaye bado anakuogopa.

Basi maelewano yenyewe hujengwaje? Si kwa tabasamu la kubandika, wala kwa "habari za leo" inayotamkwa macho yakiwa kwenye kompyuta. Shahidi hulitambua hilo mara moja. Maelewano ni hali ambayo watu wawili wanasikilizana kwa makini, wanaheshimiana, na mazungumzo yao yanakwenda kwa mwendo mmoja. Huanza na mambo madogo: kujitambulisha kwa jina, kumwuliza mwenzako angependa aitwe vipi, kumwonyesha pa kukaa pasipo na watu wanaoingia na kutoka, kuzima simu. Kisha umweleze wazi kwa nini yupo hapo, mazungumzo yatachukua kama muda gani, yatarekodiwa au yataandikwa, na nani atayasoma. Hofu nyingi za shahidi ni za mambo asiyoyajua, na nyingi huisha akishaelezwa. Ila usimwahidi usichoweza kukitimiza. Ukimwambia "jina lako halitatoka kamwe" halafu akalisikia likisomwa mahakamani, utakuwa umemharibu shahidi huyu na kila atakayesimuliwa naye.

Hatua inayofuata ndiyo maofisa wengi huiona ngumu, kwa sababu inawataka waachie usukani. Mpelelezi anamwambia shahidi maneno yenye maana hii: "Mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyeona, kwa hiyo wewe ndiye utakayezungumza zaidi. Nieleze kila kitu, hata unachokiona hakina maana. Usichokijua sema hukijui, na mimi nikikosea nirekebishe." Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Shahidi aliyepewa ruhusa ya kumrekebisha polisi ana kinga fulani dhidi ya koti jeusi la mfano wetu.

Baada ya hapo, dakika chache za mazungumzo yasiyohusu tukio husaidia sana: "Niambie kuhusu kazi unayofanya," au "Siku yako ilianzaje?" Wengine huona huku ni kupiga soga. La hasha. Shahidi anajizoeza kusimulia kwa kirefu bila kukatizwa, na mpelelezi anasikia namna mtu huyu anavyozungumza, kama ni mwepesi au anahitaji muda, kabla ya kufika kwenye mambo mazito. Itifaki ya kuhoji watoto iliyotayarishwa na Michael Lamb na wenzake, inayotumika katika nchi kadhaa, ina hatua kamili ya mazoezi ya namna hiyo. Sioni kwa nini mtu mzima aliyetetemeka anyimwe kitu tunachompa mtoto.

Kisha swali moja pana, "Nieleze yote yaliyotokea, tangu mwanzo," na ukimya. Kunyamaza ni kazi, na wapelelezi wapya hutuambia ndilo zoezi linalowatoa jasho kuliko mengine. Shahidi akisita, macho yakaelekea dari, usidhani amemaliza; huo ndio wakati anapotafuta. Ukiuliza hapo umemvuruga. Mkumbukaji anahitaji umakini wake wote, na wewe ukimrushia swali jipya kila mara unamlazimisha kuacha anachokitafuta na kushughulika na wewe. Maswali ya undani yana zamu yake, mwishoni, na yajengwe juu ya maneno aliyoyatumia yeye.

Baadhi ya mashahidi hukumbuka vizuri zaidi wakifumba macho, kwa kuwa wanapunguza vinavyowashughulisha chumbani. Jaribu hata hivyo kumwomba mtu usiyemfahamu, aliyeshambuliwa jana, afumbe macho mbele yako. Robert Nash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walilichunguza jambo hili na wakaona kwamba kufumba macho kulisaidia watu kujibu kwa usahihi, na kwamba mazungumzo ya awali ya kuzoeana yaliwafanya wajisikie vizuri zaidi wanapofumba. Kwangu hayo ni maelezo mazuri ya nafasi ya maelewano: hufanya mambo mengine yawezekane. Hayawezi kumfanya mtu akumbuke kitu ambacho hakukiona, na atakayewaambia vinginevyo asiaminiwe.

Faida nyingine ni kinga dhidi ya taarifa za uongo. Jonathan Vallano na Nadja Schreiber Compo walichapisha mwaka 2011 utafiti ambamo watu walitazama video ya uhalifu na baadaye wakalishwa taarifa zisizo sahihi. Waliokuwa wamezungumzishwa kwa ukaribu kabla ya kuhojiwa walifanya makosa machache kuliko wengine katika kujibu maswali ya wazi.

Liko eneo ambapo maelewano yakitumiwa vibaya huumiza, na afadhali nilieleze kwa kirefu, maana humnasa hasa ofisa mwenye roho nzuri. Akishazoeana na shahidi hutaka kumtia moyo, na bila kukusudia huanza kuyasifu majibu: "vizuri sana," "ndivyo tulivyodhani," kichwa kikitikiswa kwa nguvu kukubali pale jibu linapolingana na nadharia ya kesi. Mwaka 1998 Gary Wells na Amy Bradfield waliwaonyesha watu video, kisha wakawapa picha za watu wamchague mhalifu. Mhalifu hakuwemo kwenye picha hizo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Baadhi yao wakaambiwa kwa upole kwamba wamefanya vizuri, wamemtambua mshukiwa. Hao walipoulizwa baadaye, walisema walikuwa na uhakika tangu mwanzo, walimwona mhalifu vizuri na walikuwa makini. Sifa ya sekunde mbili ilibadilisha hata kumbukumbu ya jinsi walivyoona.

Yaliyompata Ronald Cotton yanaonyesha gharama yake. Alikamatwa mwaka 1984 huko North Carolina, Marekani, kwa kosa la ubakaji. Aliyeshambuliwa alimchagua kwenye picha, kisha kwenye gwaride la utambulisho, yaani watu waliopangwa mbele yake amtambue mhalifu, na polisi wakamwambia kwamba huyo ndiye aliyemchagua pia kwenye picha. Shahidi huyo alifika mahakamani akiwa na uhakika usiotikisika. Kipimo cha DNA kilimwondolea Cotton hatia mwaka 1995, baada ya zaidi ya miaka 10 gerezani. Shahidi yule alikuwa mkweli. Polisi hawakumtisha, walimtia moyo, na hilo lilitosha kuusimika uhakika ambao haukustahili kuwepo.

Kwa hiyo tunawafundisha wapelelezi waitofautishe juhudi na jibu. "Naona unajitahidi, chukua muda wako" inafaa, kwa sababu inamhusu mtu. "Safi, hiyo ndiyo tuliyoitafuta" haifai hata kidogo. Kwenye gwaride la utambulisho tunaenda mbali zaidi: anayelisimamia asijue mshukiwa ni yupi, ili hata uso wake usiwe na cha kusema.

Baadhi ya maofisa hutujibu kwamba haya ni anasa, mafaili yamejaa na muda hakuna. Nawaelewa, kazi yao ni nzito. Ila shahidi aliyehojiwa haraka huitwa tena, na mara ya pili kumbukumbu imechujuka na imeshachanganyika na ya majirani. Dakika 10 za mwanzo ni nafuu kuliko kumwita tena. Uingereza ilijifunza hilo kwa njia ngumu. Hukumu kubwa zilizotenguliwa, zikiwemo za watu wanne wa Guildford mwaka 1989 na watu sita wa Birmingham mwaka 1991, wote wakiwa wamefungwa kimakosa kwa kesi za mabomu, zilichangia kuwafanya polisi wabadili namna ya kuhoji kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfumo waliouunda, uitwao PEACE, unaanza na maandalizi, kisha kumshirikisha na kumweleza mhojiwa, ndipo maelezo yake yachukuliwe. Kanuni za Méndez za mwaka 2021, zilizopewa jina la Juan Méndez aliyekuwa ripota maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utesaji, nazo zinataka maelewano yawe msingi wa kila mahojiano, ya mtuhumiwa na ya shahidi vilevile.

Na wewe msomaji, siku moja unaweza kuwa shahidi. Unaruhusiwa kusema "sijui" na "sikumbuki", tena mara nyingi utakavyo. Ukikatizwa, unaweza kusema kwa heshima kwamba hukuwa umemaliza. Swali likiwa na kitu ambacho hukukitaja, sema wazi kwamba hicho hukukiona. Usijadiliane na mashahidi wenzako kabla hujahojiwa, hata kama ni ndugu yako mliyekuwa pamoja. Ukikumbuka jambo baada ya kufika nyumbani, liandike na umrudie mpelelezi; ni kawaida, na haimaanishi ulidanganya mwanzo. Na maelezo yako yakishaandikwa, yasome au omba usomewe taratibu kabla ya kutia saini. Ukikuta sentensi ambayo si yako, hata iwe ndogo kama rangi ya koti, omba irekebishwe.