Kuhama chuo katikati ya uhandisi: hesabu mnyororo kabla ya krediti

Kila mwaka matokeo ya semista ya pili yakishatoka, huanza kupata wageni. Wanabisha hodi taratibu, wengi wao na bahasha ya kaki mkononi. Mtanzania huanza na shikamoo, Mkenya huenda moja kwa moja kwenye shida yake, kijana wa Bunia huchanganya Kiswahili na Kifaransa. Swali lao ni moja: "Mwalimu, nimemaliza mwaka wa pili kule nilikokuwa. Nikihamia huku mtaniingiza mwaka wa tatu?"

Nafundisha uhandisi wa ujenzi hapa Kampala, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye kamati ya idara inayopitia maombi ya wanafunzi wanaotaka kuhama. Nilizaliwa Tororo, mji wa reli, saruji na mpaka, ambako Kiswahili ndicho kilichotukutanisha watoto wa kila kabila, kwa hiyo wanaokizungumza huletwa kwangu. Naandika haya kwa sababu wengi hufika wakiwa wamechelewa. Wameshaaga kule, wameshapanga chumba Kikoni au Kansanga, na mzazi ameshauza kitu. Ningependa wasome kabla ya kufunga begi.

Jambo la kwanza: kamati haihamishi mwaka. Inahamisha somo moja moja. Tunaweka muhtasari wa somo ulilosoma upande huu, wa kwetu upande ule, tunasoma mada kwa mada, saa kwa saa, kisha tunaamua kama hilo umeshalisoma au bado. Mwaka utakaoingia ni matokeo ya kazi hiyo, ndiyo maana siwezi kumjibu mtu mlangoni.

Hapo ndipo krediti zinapowachanganya watu. Uganda, krediti moja ni saa 15 za kukaa darasani na mwalimu katika semista. Semista ina wiki 17, 15 za kufundishwa na 2 za mitihani, kwa hiyo saa moja ya mhadhara kila wiki inakupa krediti moja. Saa mbili za maabara huhesabiwa kuwa saa moja. Somo lenye saa 45 za mihadhara na saa 30 za maabara linakuwa na saa 60 za hesabu, yaani krediti 4. Tanzania hesabu ni nyingine kabisa: krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, darasani, maabara, kujisomea hadi mtihani wenyewe, na mwaka mzima ni krediti 120. Kwa hiyo anayetoka Dar es Salaam akiwa na krediti 240 za miaka miwili anaikuta programu yetu ya miaka minne haifiki hata hizo 240, anachanganyikiwa. Usigawe wala usizidishe. Angalia saa za mihadhara na saa za maabara zilizoandikwa kwenye muhtasari, basi.

Alama nazo zina mitego yake. Hapa Makerere na vyuo vingi vya Uganda alama ya kufaulu ni 50. Vyuo kadhaa vya Tanzania huhesabu C kuanzia 40, na mwenye 45 amefaulu kihalali. Lakini kamati ya huku ikiona 45 inaona mtu ambaye hapa angeambiwa arudie. Nimeona vijana wenye wastani mzuri tu wakipoteza masomo matatu au manne kwa namna hiyo, na hakuna aliyewadhulumu. Kabla hujaomba, chukua kalamu, weka duara kwenye kila somo ulilopata chini ya 50, na uhesabu kwamba hayo hayatahama.

Sasa nifike kwenye kile ambacho hasa kimenifanya niandike. Uhandisi ni mnyororo. Huwezi kusoma uimara wa vifaa bila mekanika ya miili iliyotulia. Bila uimara wa vifaa huingii uchanganuzi wa miundo wa kwanza, bila huo huingii wa pili, na bila wa pili hakuna mtu atakayekuruhusu usanifu wa zege la nondo. Na kila pingili ya mnyororo huo kwa kawaida hufundishwa mara moja tu kwa mwaka.

Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi bora, alihama baada ya mwaka wa pili. Tulimkubalia karibu kila kitu: hisabati zote, upimaji ardhi, jiolojia, mekanika ya vimiminika. Tukashindwa kumkubalia somo moja, uimara wa vifaa, kwa sababu alikotoka lilifundishwa nusu, bila mkunjo wa boriti wala nguzo zinazopinda kwa mzigo. Krediti 4 tu. Alifurahi sana siku ile, akampigia mama yake simu pale pale koridoni. Mimi nilikuwa nimeshika ratiba. Somo lile kwetu hufundishwa semista ya pili ya mwaka wa pili. Uchanganuzi wa miundo wa kwanza ni semista ya kwanza ya mwaka wa tatu. Maana yake, angeingia mwezi wa Agosti, akae semista nzima na masomo mawili matatu yasiyo na sharti la awali, asome uimara wa vifaa kuanzia Januari, ndipo Agosti nyingine aanze miundo. Krediti 4 zilikula mwaka mzima wa ada, chakula na pango. Nilimwomba aketi, nikamchorea kwenye karatasi. Ilikuwa vigumu kwangu kuliko kumnyima, kwa sababu alikuwa ameshashukuru.

Tangu siku ile, kila anayekuja namwambia achore mnyororo kwanza. Chukua programu ya chuo unachokitaka, weka masomo kwa mistari: hisabati mstari wake, miundo mstari wake, maji mstari wake, umeme au joto kwa wale wa fani hizo. Kisha weka alama kwenye pingili ya kwanza usiyokuwa nayo katika kila mstari. Iliyo nyuma kuliko zote ndiyo itakayokuambia utamaliza lini. Wanaosoma umeme hukwama zaidi kwenye nadharia ya sakiti, na wa mitambo kwenye thamodinamiki, lakini hesabu ni ile ile.

Wakenya nao wana lao, na huwaumiza kwa sababu hakuna aliyewaeleza. Katika mfumo wa 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu), ambao sasa unaondoka, digrii ya uhandisi Kenya ni miaka 5 badala ya 4. Uganda na Tanzania mtoto husoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na sita, kisha miaka 4 ya uhandisi. Jumlisha: 7, 4, 2 na 4 ni 17. Kenya: 8, 4 na 5 ni 17 vilevile. Maana yake mwaka wa kwanza wa uhandisi Kenya umebeba mengi ya hisabati na fizikia ambayo Mganda ameyasoma kidato cha sita. Anayemaliza mwaka wa pili Nairobi au Eldoret kwa kawaida amelingana na aliyemaliza mwaka wa kwanza hapa. Hajarudishwa nyuma. Jumla ya miaka yake ya masomo ni ile ile 17.

Na usidhani transkripti nzuri, ile hati ya alama zako za chuo, itafunika cheti cha shule. Aliyehama hupimwa tena kwa sifa za kuingia: kwa uhandisi, hisabati na fizikia kwa kiwango cha juu, yaani A-level. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na vya elimu ya juu hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ulinganishaji huo unachukua muda. Uanze mapema, wala usingoje barua ya chuo.

Nisimulie kuhusu ushahidi. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana kutoka Mwanza, mwaka wa pili wa ujenzi. Transkripti yake ilikuwa safi. Mihtasari ya masomo hakuwa nayo. Idara aliyotoka ilimwambia iko kwenye kompyuta ya mtu aliyehama kazi. Tukamwambia bila mihtasari yenye mhuri hatuwezi kufanya lolote. Akapanda basi: Masaka, Mutukula, Bukoba, akashuka hadi Busisi na kuvuka kwa kivuko, kabla daraja halijafunguliwa. Siku tisa baadaye akarudi na kurasa 64, kila moja ina mhuri wa zambarau, na nyingine mhuri ulikuwa haujakauka vizuri ukachafua ukurasa wa mbele yake.

Kwenye mekanika ya udongo bado tulikwama. Muhtasari uliandika saa 30 za maabara, haukutaja vipimo gani. Mwenzangu mmoja alikuwa tayari kulikataa somo. Kijana akaomba ruhusa, akafungua begi, akatoa daftari la maabara lenye jalada lililochakaa. Ndani kulikuwa na kipimo cha kikomo cha umajimaji cha udongo mfinyanzi. Kwa asiyejua: unapaka udongo uliolowa kwenye kikombe cha shaba, unaukata mfereji katikati, kisha unazungusha mpini ili kikombe kianguke milimita 10 na kugonga, unahesabu mapigo hadi mfereji ufumbe. Unarudia kwa viwango tofauti vya maji, unachora mstari, unasoma maji kwenye pigo la 25. Daftari lake lilikuwa na nukta nne. Moja ilikaa mbali na mstari, na pembeni ameandika kwa penseli: "sampuli ilikauka, nilichelewa kupima uzito." Mwenzangu alisoma sentensi ile mara mbili, akasaini. Mtu hawezi kuandika vile kama hakuwapo maabara.

Kwa hiyo tunza madaftari yako. Tunza na logibuku, yaani daftari la kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, iliyosainiwa na msimamizi wa saiti, tena kwa jina lake kamili na cheo. Programu nyingi za uhandisi hapa hutumia likizo ndefu kwa karakana baada ya mwaka wa kwanza na kwa mafunzo viwandani miaka inayofuata, na anayehama mara nyingi husahau kwamba vipindi hivyo navyo vina krediti. Nimewaona waliorudia wiki nzima nzima za karakana kwa kukosa saini moja tu.

Kuhusu chuo unachokwenda, angalia mambo mawili kabla ya uzuri wa majengo. La kwanza, programu yenyewe iwe na ithibati ya NCHE, baraza lililoundwa na sheria ya mwaka 2001. Nasema programu, maana chuo chaweza kuwa na leseni huku kozi moja ikiwa bado. Mwaka 2023, orodha ya Baraza ilipoonyesha programu nyingi, hata za vyuo vikubwa vya umma, kuwa muda wake umepita, wazazi walinipigia simu hadi usiku. Ilibidi ifafanuliwe kwamba zilikuwa zinasubiri kutathminiwa upya na kwamba vyeti vilivyokwisha kutolewa ni halali. Ukiona neno kama hilo kwenye orodha, uliza kwa barua, upate jibu kwa barua.

La pili ni bodi ya wahandisi. Uganda ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa sheria ya mwaka 1969, Tanzania na Kenya zina bodi zao, na nchi hizo tatu zilitia saini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuana wahandisi. Makubaliano hayo humsaidia aliyekwisha kusajiliwa kwao. Hayamsajili mhitimu mpya. Kama unakusudia kurudi Arusha au Kisumu, iandikie bodi ya kwenu ukiitajia programu na chuo, na uulize kama digrii yake wanaitambua. Nimemshuhudia kijana mwenye akili nyingi akikaa miaka na digrii isiyomfungulia mlango wa usajili, na bado huniuma, kwa sababu barua moja ingetosha.

Ukiwa na mkopo au ufadhili wa serikali, zungumza na waliokupa kabla ya kuaga chuo, maana fedha hizo hutolewa kwa chuo na kozi uliyoitaja. Suala la GPA, yaani wastani wa alama zako, liulize mapema pia: vyuo vingine huingiza alama zako za zamani kwenye wastani, vingine huandika tu kwamba umesamehewa somo, na anayelitaka daraja la kwanza, la GPA ya 4.40, anahitaji kulijua hilo siku ya kwanza.

Ukiniuliza wakati mzuri, nitasema baada ya mwaka wa kwanza. Hisabati, fizikia, michoro na mekanika za mwaka huo zinafanana karibu kila chuo, na mnyororo haujarefuka. Baada ya mwaka wa pili inawezekana kwa maumivu. Baada ya wa tatu mimi humshauri mtu abaki amalize, hata kama hapapendi, isipokuwa ugonjwa au usalama wake ndio unaomhamisha. Chuo kinachotoa digrii kinataka masomo ya mwisho na mradi wa mwisho uvifanyie kwake, kwa hiyo mengi ya mwaka wa tatu utayarudia.

Yule kijana wa Mwanza alimaliza. Kabla ya kuondoka aliacha ofisini nakala ya zile kurasa 64, akasema huenda mwingine atazihitaji. Wiki iliyopita binti wa Sengerema alikuja na bahasha ya kaki, chuo kile kile, programu ile ile, bila mihtasari. Nikafungua kabati. Bado tutahitaji mhuri mpya kwa mwaka aliosoma yeye, lakini jioni ile tulikaa tukachora mnyororo wake wote, na pingili inayokosekana ni moja, ya semista ya kwanza.