Mashine ya kuchonga meno ikianza kukosea, anza na jino kabla ya spana

Kila nikiitwa kuangalia mashine iliyosumbua kwenye maabara ya kutengeneza meno ya bandia nakuta hali ileile, mlango wa nyuma umeshafunguliwa, skrubu ziko kwenye kisahani, spindo, ile mota inayozungusha kifaa cha kukatia, imeshafutwa na kitambaa, afu nikiuliza lile jino lililotoka vibaya liko wapi naambiwa limetupwa. Inaniuma kwa kweli, maana lile jino ndo shahidi wa kwanza na saa nyingine ndo shahidi pekee. Mashine ikikosea inaandika kosa lake kwenye kazi, upande gani, kina gani, mstari umekaa wapi, na ukijua kusoma hiyo alama nusu ya matatizo unayamaliza bila kugusa hata skrubu moja.

Hapa naongelea zaidi mashine za diski, zile za diski pana za milimita 98 hivi, tunazochongea zirkonia (kauri ngumu ya meno), akriliki (plastiki) na nta, yaani diski yenyewe ndo inayochongwa. Zirkonia yenyewe tunaichonga ikiwa bado laini kama chaki, tunaichonga kubwa kuliko jino lenyewe, afu tanuru linaipeleka kwenye nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi na inasinyaa karibu asilimia 20 kila upande. Maana yake ni kwamba kazi ikifika mkononi mwako imepita kwa skana, kwa programu ya kusanifu, kwa programu ya kupanga njia ya biti (kile kifaa cha kukatia), kwa mashine, na kwa tanuru. Watano hao. Na anayelaumiwa ni mashine tu kwa sababu ndo inayopiga kelele.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, krauni (kofia ya kuvisha jino) haikai, chukua faili lilelile, usibadilishe chochote kwenye usanifu, lichonge kwa akriliki. Akriliki haiingii tanuruni na haisinyai. Ikikaa vizuri kwenye modeli ya meno ya mgonjwa basi skana iko sawa na mihimili ya mashine (ile inayosogea na kugeuka wakati wa kuchonga) iko sawa, nenda kaangalie tanuru na ile namba ya ukuzaji ya diski. Ikikataa kukaa vilevile kama zirkonia, hapo sasa una sababu ya kuiangalia mashine au skana. Jaribio hili ni la nusu saa na limeniokolea siku nzima nzima za kazi.

Hiyo namba ya ukuzaji naomba tukae nayo kidogo. Kila diski ya zirkonia imeandikwa namba yake, 1.2 na kitu, na inabadilika toka toleo moja hadi jingine hata kama ni kampuni ileile na rangi ileile. Mimi mwenyewe nilishakaa siku 2 na briji (meno yaliyoungana ya kuziba pengo) iliyokuwa inacheza upande mmoja, nikapima mihimili, nikabadili biti, nikarudia kalibresheni, yaani kusawazisha vipimo vya mashine, kumbe diski ilikuwa 1.245 na programu ilibaki na 1.225 ya diski iliyoisha. Unaona kama tofauti ndogo, lakini piga hesabu, ni kama asilimia 1.6, kwenye briji ya milimita 25 unapoteza 0.4, na nafasi tunayoiacha kwa ajili ya simenti ni kama 0.05 tu. Haiwezi kukaa hata uisugue namna gani. Tangu hapo namba naisoma kwenye diski yenyewe kwa macho yangu kila ninapofunga diski mpya, siangalii boksi, maboksi yanachanganywa.

Jaribio la pili ninalolipenda ni la kuzungusha. Tuseme krauni zinatoka na ukuta mwembamba upande mmoja. Ipange tena kwenye diski lakini ukiwa umeigeuza nyuzi 90. Ubovu ukiifuata krauni, yaani bado ni upande wa shavu palepale, tatizo liko kwenye skani au usanifu. Ubovu ukibaki upande uleule wa mashine, mfano daima unaangalia mlango, basi ni mashine, na mara nyingi siyo muhimili, ni diski haijalala sawa. Hii ya diski nimeikuta mara nyingi mno. Siku moja nimetoa diski, nikapitisha ukucha kwenye kile kitako cha duara inapokalia, nikahisi kitu kinakwaruza, nikamulika tochi, nyuzi moja tu ya akriliki nyeupe imelaliwa pale, imekandamizwa bapa kama karatasi, huwezi kuiona ukiwa umesimama. Uchafu mdogo kama huo unainua diski upande mmoja, na skrubu ukizikaza kwa nguvu ndo kwanza diski inapinda. Brashi kwanza kwenye kitako, brashi kwenye ukingo wa diski, afu kaza skrubu kwa kuruka upande wa pili kama unavyokaza nati za tairi.

Kuna alama nyingine iko wazi kabisa, kingazi kidogo kinachozunguka tumbo la jino, kama mtu kakata jino katikati akalirudisha likahama kidogo. Mashine inachonga upande wa juu, inageuza diski nyuzi 180, inachonga upande wa chini. Pande mbili zisipokutana unapata hicho kingazi. Hapo ni kalibresheni ya muhimili wa kugeuza, au mkono wa diski umelegea, usipoteze muda kwenye biti.

Ukingo ukimeguka meguka sasa, hapo ndo biti. Watu wanaamini saa za matumizi zinazohesabiwa na programu, lakini ile ni hesabu tu haijui biti ilipitia nini. Itoe uiweke chini ya lenzi. Biti ya zirkonia yenye koti la almasi inakuwa na rangi ya kijivu iliyotulia, ukiona makali yameanza kung'aa kama chuma kitupu ujue koti limeondoka, na koti likiondoka inachakaa haraka sana. Biti iliyochakaa imekuwa nyembamba lakini programu bado inaijua ni nene, kwa hiyo inaacha nyama, yaani zirkonia iliyozidi, ndani ya krauni, krauni inabana, na fundi anaanza kuisugua kwa mkono akidhani daktari kakata jino vibaya. Ya akriliki nayo ikichoka haikati, inasugua, joto linapanda, plastiki inayeyuka inajiviringisha kwenye biti kama donge, afu krak. Na usichanganye, biti ya akriliki ukiitia kwenye zirkonia hata jino moja tu haina kazi tena.

Ila biti mpya nayo inaweza kumegua ukingo kama inayumba. Ukiwa na geji ya mshale igusishe kwenye shina la biti, zungusha spindo taratibu kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa, mshale usicheze zaidi ya 0.01 ya milimita. Ukicheza zaidi, usikimbilie kusema beringi, toa koleti kwanza, kile kishikio kinachoibana biti. Koleti inajaa unga wa zirkonia kwenye zile nyufa zake, na unga ule ni mkali, unakula chuma taratibu. Isafishe kwa brashi yake kavu, koni ya nje ipake grisi kidogo sana ile iliyokuja na mashine, kama kitabu cha mashine yako kinasema hivo, na usiifunge koleti ikiwa tupu, weka hata pini ya akiba, maana ikijibana bila kitu inaharibika umbo.

Sensa ya urefu wa biti pia, dakika moja tu: ikiwa na vumbi juu yake inaguswa mapema, mashine inadhani biti ni ndefu, inaishia juu juu. Krauni haizami mpaka chini na sehemu ya kutafunia inakuwa nene. Ifute kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndo spindo nyingi zinafia. Spindo nyingi za meno zinazunguka hadi mizunguko 60,000 kwa dakika, nyingine zaidi, na kinachozuia vumbi lisiingie kwenye beringi ni hewa inayopulizwa kutokea ndani kwenda nje. Hiyo hewa ikiwa na maji au mafuta, unayapeleka wewe mwenyewe moja kwa moja kwenye beringi. Kwenye maabara moja spindo ilikufa, wakaweka mpya, ikafa tena ndani ya muda mfupi, kila mtu anasema spindo mbovu. Nilichomoa bomba la hewa nyuma ya mashine, nikaweka tishu nyeupe mbele yake, nikaacha ipulize kama dakika moja. Tishu ilitoka na duara la maji katikati, na pembeni yake rangi ya njano kama chai ya rangi. Kompresa ilikuwa ya mafuta, haina draya (kikaushio cha hewa), na tangi halijamwagwa maji sijui tangu lini. Spindo hazikuwa na kosa lolote.

Jaribio la tishu lifanye kila wiki, halina gharama. Mwaga maji ya tangi kila siku, kikombe cha chujio ukikiona kina maji ujue draya imezidiwa au haipo. Na presha isome mashine ikiwa inafanya kazi, usisome imetulia. Geji itakuonyesha bar 6 vizuri kabisa, afu spindo inafungua koleti na hewa ya kuziba inapuliza kwa pamoja, mshale unaanguka hadi 4, mashine inatoa eror na wewe unarudi kuangalia geji ya ukutani unakuta bar 6. Hapo bomba ni jembamba au refu mno, au chujio limeziba.

Na tafadhali sana, ile bunduki ya hewa isiingie ndani ya mashine. Najua ni haraka na panaonekana safi, lakini vumbi halijaondoka, limesukumwa chini ya sili, kwenye reli, kwenye skrubu za mwendo, na unga wa zirkonia ukichanganyika na grisi unakuwa msasa. Tumia vakyumu na brashi laini. Vakyumu yenyewe ipime, shika kipande cha karatasi kwenye mdomo wa kufyonza, kisipovutwa kwa nguvu filta imejaa. Filta iwe ile ya kukamata vumbi laini kweli, siyo ya vakyumu ya kufagilia nyumba, maana unga unaopita unarudi chumbani na unaingia kwenye mapafu yako, barakoa vaa hata kama ni kumwaga mfuko tu. Nyuzi za akriliki zinajibandika kila mahali kwa umeme wa msuguano kwa hiyo toka akriliki kwenda zirkonia safisha kila kona, na mabaki ya chuma hakikisha hayakaribii zirkonia kabisa, yakiingia tanuruni na kazi unapata madoa ambayo hayatoki.

Mashine za maji, kwa wanaochonga kauri ya kioo au titani, kifupi tu: maji ya kupozea yawe na dawa yake kwa kipimo kilichoandikwa, usikadirie kwa jicho. Yakianza kunuka yamekaa sana, badilisha yote na uoshe tangi. Tope la kioo linaziba nozeli, na nozeli ikielekea pembeni badala ya ncha ya biti, kauri inapata nyufa ndogo ambazo hutaziona mpaka baadaye. Kama mashine yako inachonga kavu na maji, ikauke kabisa kabla ya kurudi kwenye zirkonia.

Spindo yenyewe asubuhi ipashe moto, mashine nyingi zina programu ya hiyo kazi, usiitoe usingizini ukaipeleka mizunguko 60,000 hapohapo. Zoea sauti yake. Sauti ikipanda kuwa kama filimbi, mwili wake ukawa wa moto kuliko ulivyozoea, na jino likatoka na mawimbi madogo ambayo biti mpya haijayaondoa, hayo matatu yakija pamoja, beringi zinakwenda.

Kalibresheni nimeiacha mwisho kwa makusudi. Usiifanye mashine ikiwa baridi, chafu au na biti iliyochoka, maana utakuwa unaifundisha mashine makosa. Kabla hujaanza andika namba za zamani zote kwenye daftari. Chonga kipande cha kupimia, pima kwa maikromita kila upande mara 3, afu ndo uingize. Namba mpya ikitofautiana na ya zamani kwa sehemu chache za mia za milimita ni kawaida, mashine inachakaa. Lakini ikiwa muhimili uliokuwa unataka 0.02 leo unataka 0.30, simama, usiibonyeze ile kuhifadhi. Kuna kitu kimelegea au kimegongwa, na ukikificha kwa namba wiki ijayo kitahama tena. Hapo mwite fundi wa mashine, mpe namba za zamani na mpya, sauti ya spindo uliyoirekodi kwa simu, na lile jino likiwa kwenye mfuko wake, umelichora mshale kwa penseli kuonyesha upande uliokuwa unaangalia mlango.